Filamu ya Kumtisha Baba

Baba aliponiambia niongeze sahani ya nne mezani, nilijua nimekwisha.

"Ya nani, Baba?"

"Ya mgeni."

"Mgeni gani, jioni ya Halloween?"

Baba alikwenda dirishani akavuta pazia, kisha akaenda mlangoni akazungusha ufunguo mara mbili, kama afanyavyo kila jioni giza linapoanza kuingia. Taa ya barazani alikuwa ameizima tangu mchana. Mtaani kwetu, jioni hiyo ya mwisho wa Oktoba, nyumba iliyowasha taa ya barazani inawaambia watoto wapande wabishe hodi, pipi zipo. Nyumba iliyozima, watoto huipita. Yetu imepitwa tangu nizaliwe, kwa sababu baba yangu ni Mchungaji Harlan Stroud, na Mchungaji Stroud hagawi pipi kwa watoto waliovaa pembe.

Nilitoa sahani kabatini. Iligongana na zile nyingine kwa kelele. Shangazi Verlene, dada yake Baba, aliyehamia kwetu mama alipofariki, alikuwa anaponda viazi jikoni. Alinikata jicho.

"Keziah, una homa?"

"Sina, Shangazi."

"Basi kuna kitu unaogopa. Nyumba hii siku hizi siielewi. Wewe unatetemeka, na juzi kuna mtu kaacha taa ya jikoni inawaka mpaka asubuhi. Tumekuwa matajiri, siyo?"

Niliipeleka sahani mezani. Nilikuwa na hofu tangu asubuhi, tangu nilipopita sinema kabla ya kwenda kazini, na Lowell akanisimulia habari za mzee wa kofia ya kahawia.

Ngoja niwaambie kuhusu Lowell kwanza, la sivyo mtaniona mwendawazimu, msichana wa miaka ishirini na sita kuogopa sahani.

Lowell Vasko ana sinema ya ukumbi mmoja aliyoachiwa na babu yake, kwenye barabara kuu ya mji wetu huu mdogo wa Ohio, mkabala na kliniki ya meno ninayofanyia kazi. Oktoba nzima huonyesha filamu za mapepo tu. Watu hawaendi pale kukata tiketi na kuingia. Wanaenda kuuliza. "Lowell, mwaka huu nitazame ipi?" Naye hampendekezei mtu filamu kabla hajamuuliza swali lake moja: "Unaogopa nini?" Hamaanishi vya kwenye filamu. Anamaanisha nyumbani kwako, ukishazima taa. Mwenye mama mkwe mkali humpa *Shetani wa Ghalani*, acheke mpaka atokwe machozi. Waliooana juzi huwapa *Kisima cha Bibi Orla*, ili wapate sababu ya kushikana. Wengine huwakatalia kabisa. Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia mama mmoja, "Wewe nenda nyumbani kanywe juisi ya tufaha ya moto. Mwaka huu umeshaogopa vya kutosha."

Mimi mwaka jana nilikwenda kwa ukaidi tu. Nimekua nikimwona Baba akikemea mapepo kila Jumapili mpaka shati linamganda mgongoni. Nimeambiwa tangu utoto kwamba ukitazama filamu ya pepo umemfungulia mlango. Nilisimama mbele ya lile dirisha la tiketi nikiwa tayari kukimbia.

"Unaogopa nini?" aliniuliza.

"Simu ikilia alfajiri," nikasema, hata sijui lilinitokaje. Ndivyo hospitali ilivyotupa habari za mama.

Hakucheka. Alinitazama kwa macho yale ya kijivu, akanitazama, mpaka aliyekuwa nyuma yangu akakohoa.

"Basi nakupa ile isiyo na simu hata moja," alisema taratibu. "Na nitakaa karibu. Ukitaka taa ziwashwe, inua mkono tu. Nitaziwasha, wengine wazomee wanavyotaka."

Niliitazama filamu nzima nikiwa nimejifunika koti kichwani, nachungulia kupitia mkono wa koti. Naye alikaa safu yangu, akaacha kiti kimoja kitupu katikati yetu. Mwaka huu kiti hicho hakipo. Nampenda Lowell. Nampenda mpaka nikisikia harufu ya bisi popote moyo unanienda mbio, na kwa mwaka mzima nimempenda kwa kujificha, kama mwizi.

Sasa, asubuhi hiyo nilimkuta anafuta kioo cha dirisha lake, anacheka peke yake.

"Juzi mchana alikuja mzee mmoja, Kezi, ungemwona! Kofia ya kahawia, kajinyoosha kama anapimwa urefu, anamumunya pipi ya mnanaa. Ananiuliza, 'Kijana, humu mnawaonyesha watu nini?'"

Nilimsogelea. "Ana kovu kidevuni?"

"Enhe! Unamjua?"

"Ulimwambia nini, Lowell?"

"Aliuliza wanaokuja ni watu gani. Nikamwambia wa kila namna. Nikamwambia hata waoga wanakuja, yupo mmoja anatazama kupitia mkono wa koti la kijani lenye kifungo kimoja cheupe. Nikamwambia..." Kicheko kikamkatikia mdomoni. "Mbona umepauka?"

"Malizia."

"Nikamwambia huyo ndiye nitakayemuoa."

Koti lile lilikuwa la mama. Kifungo cheupe alikishona Baba kwa mkono wake mwenyewe, majira ya baridi kabla mama hajaugua, kwa sababu duka halikuwa na cha kijani.

"Lowell, yule ni Baba."

Kitambaa kilimdondoka. "Mchungaji?"

"Mchungaji."

"Mungu wangu!"

"Huyo huyo anayemtumikia," nikasema, na nikaangua kicheko kibaya, kile cha mtu anayetaka kulia.

Mnaweza kudhani natia chumvi. Lakini nilikuwepo siku Tamsin wa kwaya alipokwenda kwenye sherehe ya Halloween amevaa mbawa za popo. Jumapili yake Baba alimsimamisha mbele ya kanisa zima aombe msamaha. Alisimama pale amekunja leso, midomo inacheza, sauti haitoki, na Baba akamngoja. Alimngoja mpaka ikatoka. Tamsin hakurudi tena kanisani, na baadaye tukasikia amehamia Toledo. Na yule hakuwa binti yake. Mimi nilijiona tayari nimesimama pale pale, kwenye zulia lile lile, na Baba ananiambia nichague, yeye au mwenye sinema. Nilijua kwamba yeyote nitakayemchagua, nitakuwa nimefiwa mara ya pili.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nilipokuwa nikipanga uma na visu. Nje, watoto walishaanza kupita na ndoo zao za pipi, wakicheka. Walikuwa wanapita tu.

Mara kishindo kikasikika barazani, na mtu akasema "Aah!" kwa sauti ya chini.

"Ngazi ya pili," alisema Shangazi. "Nimesema mpaka nimechoka kwamba ule ubao umeoza. Huyo mgeni wako, Harlan, kama hajavunjika mguu ana bahati."

Baba alifungua mlango. Lowell alikuwa amesimama gizani, anachechemea, amevaa jaketi lake jekundu la kazini. Alikuja moja kwa moja kutoka sinema. Mifuko ilikuwa imemfura kwa vile vipaketi vya pipi anavyowagawia watoto mlangoni. Alinitafuta kwa macho, akanipata. Nilitamani kumrukia. Nilitamani pia kumsukuma nje nimfungie.

"Karibu," Baba alisema. Akafunga mlango nyuma yake, akazungusha ufunguo mara mbili.

Nilipompokea jaketi nilimnong'oneza, "Umekuja kufanya nini, wewe?"

"Alipiga simu sinema. Alisema, 'Njoo ule,' akakata. Ningefanyaje, Kezi? Sauti ile!"

"Ungesema unaumwa!"

"Naumwa kweli. Mguu wenyewe unauona."

Shangazi Verlene alisimama kwenye mlango wa jikoni, mikono kiunoni, akamkagua kuanzia viatu hadi nywele.

"Ndiye huyu mwenye sinema ya mapepo? Mimi nilitegemea pembe."

"Nimeziacha kazini, mama," alisema Lowell.

Shangazi alikaribia kucheka. Nilimwona. Lakini alijikaza akauma midomo. "Kaa pale. Sio hapo, hapo pa Keziah. Kaa mbali naye."

Baba aliomba. Sala ya chakula ya Baba si fupi hata siku za kawaida. Jioni ile alimshukuru Mungu kwa nyama iliyookwa, kwa viazi, kwa maharage ya kijani, kwa paa, na kwa macho yanayoona yaliyofichwa. Pale kwenye yaliyofichwa nilifumbua jicho moja. Lowell naye alikuwa amefumbua lake. Tulitazamana juu ya bakuli la viazi, naye akatikisa midomo bila sauti: nakupenda. Nilifumba jicho haraka, na moyo ukanipiga mpaka nikaogopa Shangazi atausikia.

"Amina," alisema Baba. "Kijana, unamwamini Mungu?"

"Namwamini, mzee. Nimelelewa Mkatoliki."

"Kumbe na hilo lipo!" Shangazi alitua bakuli kwa kishindo.

"Verlene."

"Mimi nimenyamaza."

"Na shetani?" Baba aliendelea. "Unaamini yupo?"

Lowell aliweka uma chini. "Namwogopa, mzee. Nadhani siwezi kumwogopa asiyekuwepo."

"Unamwogopa, na mwezi mzima unamwonyesha kwa watu?"

"Mimi ndiye mwoga kuliko wote mjini," Lowell alisema, na masikio yakamwiva. "Filamu zote hizo, mara ya kwanza nazitazama nimesimama nyuma kabisa, mkono uko kwenye swichi ya taa. Muulize Keziah. Ndiyo maana najua nani atamudu ipi."

Alitaja jina langu. Ilikuwa mara ya kwanza Lowell kulitaja mbele ya Baba. Kijiko cha Shangazi kilisimama hewani.

"Amuulize Keziah? Keziah anajuaje?"

Nilifungua mdomo, nikamkumbuka Tamsin na leso yake.

"Niache niseme mimi," alisema Baba. Hakunitazama. Alikuwa anakikata kipande chake cha nyama vipande vidogo vidogo, asile hata kimoja. "Juzi nilikwenda sinema yake."

"Harlan!"

"Nilikwenda kutafuta maneno ya mahubiri ya Jumapili. Nilitaka nijue adui ana sura gani mwaka huu."

"Ukasimama nje ukasoma mabango, si ndiyo? Niambie ulisimama nje."

"Niliingia."

"Ukakata tiketi? Wewe?"

"Na bisi," alisema Lowell polepole, kisha akatamani ardhi ipasuke.

Shangazi alivuta kiti akaketi kabla hajaanguka. Baba alimgeukia Lowell.

"Mwambie dada yangu uliniuliza nini pale dirishani."

"Nilimuuliza anaogopa nini."

"Nikakujibu kwamba mimi simwogopi shetani."

"Nami nikasema, mzee, sijauliza habari za shetani."

"Halafu nikasema nini?"

Lowell alinitazama, akatazama sahani yake. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Hilo sirudii, mzee. Mtu akiniambia pale dirishani, linabaki pale."

"Nakuruhusu."

"Afadhali useme mwenyewe."

Sijawahi kusikia mtu akimwambia Baba afadhali hiki au kile. Nililishika pindo la kitambaa cha meza kwa mikono miwili. Nikangoja ngurumo, ile inayotikisa vioo vya kanisa. Badala yake Baba aliongea kwa sauti ndogo ambayo nilimsikia nayo mara moja tu, siku ya mazishi.

"Nilisema naogopa kubaki peke yangu ndani ya nyumba hii."

"Na mimi je?" Shangazi aliuliza.

"Wewe unakoroma chumba cha pili, Verlene. Nikikusikia najua upo. Simaanishi hilo." Alisukuma sahani. "Kijana huyu akanipa filamu. Inaitwa *Funguo za Bwana Corwin*. Nikaingia, ukumbi mtupu, mchana kweupe. Ni habari ya mzee aliyefiwa na mke. Nyumbani kwake kuna pepo, na pepo huyo haonekani. Anaongea tu, kwa sauti ya marehemu. Kila jioni anamwambia, funga mlango, huko nje kubaya, binti asitoke. Mzee anafunga. Anamwambia, ongeza kufuli. Anaongeza."

Nje watoto walipita tena, na mmoja akapiga ukelele wa mzaha. Nilishtuka mpaka maji yakanimwagikia.

"Nilingoja pepo atokee," alisema Baba. "Maneno ya kumkemea nilikuwa nayo mdomoni. Hakutokea. Kila nikitazama namwona yule mzee tu, na funguo zake, anazungusha. Mara mbili. Kila jioni, mara mbili." Akapangusa midomo ingawa hakuwa amekula. "Nikatoka, sikumaliza. Verlene, taa ya jikoni niliiacha mimi. Nilikaa pale mpaka kukacha. Umri huu, na miaka yote ya madhabahuni, nikaogopa kupanda chumbani kwangu."

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hasira ya Baba maisha yangu yote. Kwa hofu yake sikuwa nimejiandaa hata kidogo, na ndiyo iliyonitisha zaidi. Baba akiogopa, nani atatulinda sisi?

"Inaishaje?" Baba alimuuliza Lowell.

"Mzee, mimi mwisho wa filamu huwa sisemi."

"Nimekuuliza. Inaishaje?"

Lowell alinitazama. Niliona anavyoteseka. Angeweza kudanganya, angeweza kusema pepo anafukuzwa, binti anamkumbatia baba, watu wanakwenda nyumbani. Nilimwomba kwa macho adanganye. Alitikisa kichwa kidogo sana, kunikatalia.

"Binti anaondoka," alisema. "Anavunja dirisha la jikoni, anapita na vioo vyake, anaondoka. Mzee anabaki na funguo zote."

"Harudi?"

"Filamu inaishia pale."

Baba alisimama. Kiti kilikwaruza sakafu. Alitembea hadi kwenye ukumbi mdogo wa mlangoni, na nikamsikia akipapasa kwenye vining'inizo vya makoti. Aliporudi alikuwa ameshika koti la kijani. Koti la mama. Kifungo cheupe kilikuwa kinanitazama.

"Vaa," aliniambia.

Machozi yalinijaa palepale. Kwa hiyo ndivyo ilivyo, nikawaza. Hatasubiri hata Jumapili. "Baba, tafadhali..."

"Vaa, Keziah. Nje kuna baridi."

"Harlan, huwezi kumfukuza mtoto usiku!" Shangazi alikuwa amesimama, mkono kifuani. Yeye aliyemtegemea Lowell awe na pembe! "Kosa kakosa, lakini ni damu yako. Mpe mpaka asubuhi!"

"Mzee, kosa ni langu," alisema Lowell. Alikuwa amekuja akasimama kati yangu na Baba. "Mimi ndiye niliyemwambia aje. Nilaumu mimi. Nisimamishe mimi mbele ya kanisa, nitakuja. Nitasimama hata siku nzima. Lakini usimfanyie hivi."

Baba alilikunjua koti.

"Una onyesho jioni hii?"

"Ninalo, mzee."

"Basi utachelewa. Keziah anakusindikiza mpaka getini. Nani amesema nafukuza mtu?" Alinivalisha koti mwenyewe, bega moja, kisha la pili, kama alivyokuwa akinivalisha nikienda shule. Vidole vyake vilifunga vifungo mpaka vikafika kwenye kile cheupe, vikasita hapo. "Nilidhani koti hili limeliwa na nondo," alisema. "Kumbe linakwenda sinema."

Alizungusha ufunguo, akafungua mlango. Giza lilikuwa limeshika. Lowell alivaa jaketi lake, akatangulia, akanyoosha mguu wake ulioumia kuitafuta ngazi, akayumba.

"Subiri," alisema Baba, akanyoosha mkono ukutani.

Taa ya barazani ikawaka.

"Harlan!" Shangazi alipiga kelele kutoka ndani. "Unafanya nini? Leo? Watakuja!"

"Ngazi imeoza. Mtu atavunjika mguu."

"Watakuja, nakwambia!"

Na kweli walikuja. Ng'ambo ya barabara kundi la watoto lilisimama ghafla. Wakanong'onezana. Nyumba ya Mchungaji! Mmoja alijitenga akavuka mbio, kabinti ka miaka minne hivi, nguo nyekundu, mkia wa kamba, pembe mbili za karatasi zilizopinda. Alipanda ngazi kwa mikono na miguu, akasimama mbele ya baba yangu akihema, kamasi zinamtoka.

"Pipi au vituko!"

Nilimtazama Baba. Moyo ulisimama. Alikuwa anamtazama yule mtoto kutoka juu, kwa macho yale ya madhabahuni.

"Na wewe ni nani?" aliuliza.

"Mimi shetani," alisema mtoto, kwa fahari kubwa.

Baba alimeza mate. Kisha alipiga magoti, polepole, kwa mlio wa viungo, mpaka nyuso zao zikawa sawa.

"Shetani, kamba za viatu zimefunguka," alisema. "Utaanguka hapa kwenye ngazi." Akazifunga, kiatu cha kushoto, kisha cha kulia, fundo mara mbili. Halafu akabaki amepiga magoti, mikono mitupu, ameaibika. Katika nyumba yetu hapakuwa na pipi za kugawia watoto.

Lowell alichutama kando yake. Alichomoa vipaketi mifukoni mwake, akavitia kwenye kiganja cha Baba. Baba akaviangalia, akaviweka kimoja kimoja ndani ya ndoo ya mtoto. Wengine walishafika ngazini, wachawi na popo na mifupa mitupu, wanasukumana.

"Taratibu! Ngazi ya pili!" alifoka Baba. "Shikaneni mikono!"

Walipokwisha kupita, alisimama kwa kushika nguzo. Hakumtazama Lowell usoni.

"Kazi yako siipendi," alisema. "Nakwambia mapema. Wala sitaipenda."

"Nimekuelewa, mzee."

"Jumapili nitahubiri dhidi yake, na sitatafuna maneno."

"Sawa, mzee."

"Tukitoka kanisani tunakula. Verlene anaoka kuku. Ukiona taa hii inawaka, ubishe hodi."

Lowell alikunja uso. "Mchana, mzee? Na jua lote lile?"

"Nimesema itakuwa inawaka."

Aligeuka akaingia ndani. Lowell alinishika mkono, na vidole vyake vilikuwa vya baridi kama vyangu. Tukashuka, ngazi ya kwanza, tukairuka ya pili. Katikati ya njia ya getini nilisimama. Nilikuwa nangoja kusikia ufunguo ukizungushwa nyuma yangu, mara mbili, kama kila jioni ya maisha yangu.

"Vipi?" Lowell aliuliza.

"Shh. Sikiliza."

Tulisikiliza. Mlango ulibaki bila kufungwa, na mwanga wa barazani ukatufuata mpaka getini.